Wiki Isiyo na Udhuru: Utangulizi wa Utafiti wa Dalili za Kabla ya Hedhi Chuoni

Msichana aliyelelewa Rhamu huingia chuo kikuu akiwa na elimu ya hedhi ambayo wenzake wengi wa Nairobi hawana. Mama, mama mdogo au mwalimu wa duksi (madrasa ya Kurani) amekwisha kumfundisha kwamba damu ikishuka swala na saumu husimama, kwamba siku alizofungua Ramadhani atazilipa kabla ya Ramadhani nyingine kuingia, na kwamba swala zilizompita hazilipwi. Kwa kuwa Wasomali wanafuata madhehebu ya Shafi, anajua pia kwamba hedhi haipungui usiku na mchana mmoja wala haizidi siku 15, na kwamba twahara kati ya hedhi mbili haipungui siku 15. Anaijua ada yake, yaani siku zake za kawaida. Siku hizo zina hukumu na zina udhuru, na watu wa nyumbani hufahamu bila kuambiwa kwa nini leo hakuamka alfajiri.

Wiki inayotangulia haina lolote kati ya hayo. Anaswali kama kawaida, anafunga kama kawaida, anahudhuria mihadhara kama kawaida, huku matiti yakiuma, tumbo limejaa, usingizi unakatika saa nane za usiku, machozi yako karibu, na mwenzake wa chumba akitafuna biskuti kwa sauti anamwona kama adui. Akiulizwa ana nini, husema amechoka tu. Taaluma ninayoikaribisha hapa inaishughulikia wiki hiyo, nami nawaandikia hasa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa na vyuo vya jirani wanaotafuta mada ya utafiti na wanaogopa kwamba hii ni ndogo mno, au ni ya aibu mno.

Mifano yangu mingi naitoa Rhamu, na si kwa bahati. Mji huo uko kando ya mto Daua, Ethiopia ikiwa ng'ambo, katika eneo la Mandera Kaskazini. Chuo kikuu hakuna. Msichana wa huko akipata nafasi Garissa husafiri zaidi ya kilomita 500 kupitia Elwak na Wajir, na nyuma yake anawaacha nyanya, shangazi na dada ambao kwa miaka yote wamekuwa wakiiona hali yake kabla yeye mwenyewe hajaiona: wanaompunguzia kazi, wanaomtuma mdogo wake badala yake, wanaojua leo asitaniwe. Hosteli haina watu hao. Namna ya kukabiliana ambayo nyumbani ilikuwa kazi ya jamaa nzima inakuwa mzigo wa mtu mmoja mwenye kitanda kimoja na sanduku moja la bati. Watafiti wengi huuliza mwanafunzi anafanya nini dalili zikija. Mimi nadhani swali la kwanza ni nani alikuwa akimfanyia, na sasa hayupo.

Tukubaliane kwanza juu ya jambo lenyewe. Dalili za kabla ya hedhi ni mabadiliko ya mwili na ya hisia yanayojitokeza baada ya yai kutoka, hukolea katika siku tano hivi za mwisho kabla ya damu, kisha hutulia ndani ya siku nne baada ya damu kuanza. Kinachozitambulisha ni wakati wake. Kuumwa kichwa, huzuni, hasira, uchovu na tamaa ya vitu vitamu humpata kila binadamu, wanaume wakiwemo. Mambo hayo yanapokuja na kuondoka kwa mpangilio huo, mwezi baada ya mwezi, na katikati kukawa na siku za nafuu ya kweli, hapo ndipo tunapokuwa na jambo la kutafiti. Maumivu makali ya tumbo ya siku ya kwanza na ya pili ya damu ni habari nyingine. Hayo huletwa na prostaglandini, kemikali zinazoukaza mji wa uzazi, na ndiyo sababu dawa za jamii ya ibuprofeni huyatuliza. Ukizichanganya habari hizi mbili kwenye hojaji, na wengi huzichanganya, utafiti wako umeharibika kabla hujachapisha karatasi ya kwanza.

Ipo pia hali kali zaidi, ambayo Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliiingiza rasmi kati ya magonjwa ya akili katika mwongozo wake wa mwaka 2013. Makadirio yanayotumika sana huiweka kati ya asilimia 3 na 8 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwenye hali hii anaweza kutaka kufa siku ya Jumatatu, na Ijumaa, damu ikiwa imeanza, akashangaa mawazo yale yalikuwa ya nani. Mwanafunzi wa namna hiyo anahitaji daktari. Chai ya tangawizi haimtoshi.

Historia ya taaluma yenyewe ina kona zake. Mwaka 1931, daktari wa New York, Robert Frank, alieleza wagonjwa waliokuwa wakipandwa na mfadhaiko siku chache kabla ya hedhi, akadhani homoni ya kike imewazidi, na wale waliozidiwa sana aliwapiga mionzi kwenye ovari. Mwaka 1953 huko Uingereza, Raymond Greene na Katharina Dalton walizipa dalili za kabla ya hedhi jina linalotumika hadi leo. Dalton hakuishia hapo. Alikwenda shuleni akakagua alama za wasichana na kudai zinashuka kadiri hedhi inavyokaribia, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoa ushahidi mahakamani kuwatetea wanawake walioshtakiwa kwa kuua. Mwanaanthropolojia Emily Martin, katika kitabu chake cha 1987, aliuliza swali ambalo madaktari hawakulipenda: mbona udhaifu wa mwanamke kabla ya hedhi uligunduliwa wakati wa mdororo wa uchumi, ajira zilipokuwa chache, ukasahauliwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wanawake walipohitajika viwandani, kisha ukagunduliwa tena wanaume waliporudi? Msichana yeyote aliyewahi kuambiwa hafai kuongoza chama cha wanafunzi kwa sababu "wanawake wana siku zao" atalielewa swali hilo bila kufafanuliwa. Kuhusu alama, Barbara Sommer aliwapima wanafunzi wa chuo kikuu huko California katika miaka ya 1970 bila kuona kushuka kwa uwezo wa akili. Mwanafunzi anaweza kuhisi akili imemganda na bado akaandika mtihani wake vizuri. Namwambia hivyo kila anayekuja kwangu na hofu hiyo.

Ukipata muda wa kusoma tafiti mbili tu, soma hizi. Ya kwanza ni ya Diane Ruble, iliyochapishwa mwaka 1977. Aliwachukua wanafunzi wa Princeton, akawaambia kwamba kuna kifaa kipya kinachosoma mawimbi ya ubongo na kubashiri hedhi itaanza lini. Kifaa hakikuwa na uwezo huo. Wote walikuwa wamebakiza kama siku sita au saba, lakini wengine waliambiwa wamebakiza siku moja au mbili, na wengine kwamba hedhi bado iko mbali. Walioambiwa imekaribia waliripoti miili kuvimba na maumivu zaidi kuliko wenzao. Walikuwa wakiripoti wanachokitarajia.

Kuna wanaoishia hapo na kutangaza kwamba basi yote ni dhana. Hao wasome ya pili, ya Peter Schmidt na wenzake, ya mwaka 1998. Waliwapa wanawake wenye dalili dawa inayoinyamazisha ovari, na wengi wakapata nafuu. Kisha wakawarudishia estrojeni au projesteroni kwa kiwango cha kawaida kabisa, na dalili zikarudi. Wanawake wasio na historia ya dalili walipopewa homoni zile zile hawakupata kitu. Kumbe homoni hazikuwa nyingi mno, kama Frank alivyodhani. Ubongo wa baadhi ya wanawake huyapokea kwa ukali mabadiliko ambayo ubongo wa wengine huyapitia kimya, na siku hizi macho ya watafiti yako kwenye serotonini na kwenye alopregnanoloni, kitu kinachotokana na projesteroni na kugusa mitambo ya utulivu ubongoni. Ndiyo maana dawa za sonona zinazoinua serotonini huweza kusaidia hata zikimezwa katika nusu ya pili ya mzunguko peke yake, tena ndani ya siku chache, jambo zisilolifanya kwa sonona ya kawaida.

Dalili ni za kweli, na ripoti za dalili si za kuaminika. Mtu akishindwa kuyabeba maneno haya mawili kwa pamoja, namshauri atafute mada nyingine.

Angalia yanayotokea asipoyabeba. Muhtasari wa tafiti za dunia uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wenye dalili ni kama asilimia 12 nchini Ufaransa na asilimia 98 nchini Iran. Mwaka huo huo, utafiti wa wanafunzi wa afya wa Chuo Kikuu cha Mekelle, Ethiopia, ulikuta asilimia 37 kwa vigezo vya Marekani. Je, miili ya wanawake inatofautiana kiasi hicho? Sidhani. Kinachotofautiana ni karatasi. Mwanafunzi anapewa hojaji siku moja, anaambiwa akumbuke miezi iliyopita, naye anakumbuka mwezi mbaya kuliko yote, au anakumbuka alichosikia kwa wenzake. Vigezo vyenyewe vinadai kitu kingine: kumbukumbu inayoandikwa kila siku, kwa mizunguko miwili angalau. Kipimo kinachoheshimika, kilichobuniwa na Jean Endicott na wenzake, humtaka mwanamke ajipe alama kutoka 1 hadi 6 kila jioni kwa kila dalili. Kinachosha, na wengi huacha njiani. Ndiyo maana watafiti wenye haraka hukikwepa.

Nami naona Kaskazini Mashariki ina nafasi ya kuwafundisha wengine. Kile kinachowashinda wanafunzi wa Ulaya, yaani kujua tarehe, msichana wa Rhamu anacho. Anahesabu kwa sababu ana deni la saumu. Anatofautisha damu ya ada na damu ya istihadha, ile inayotoka nje ya siku za hedhi, kwa sababu moja inamzuia kuswali na nyingine haimzuii. Anakagua asubuhi na jioni kama twahara imeingia. Kwa karne nyingi sheria ya Kiislamu imemtaka mwanamke awe mwandishi wa tarehe za mwili wake, na wapo wanaoziweka kwenye simu, wanaozitia alama nyuma ya daftari, wanaozihifadhi kichwani bila kukosea. Kinachokosekana ni safu moja tu ya ziada: siku hizi za twahara, kabla damu haijaja, nilikuwaje? Nimeona watafiti wakija na programu za simu za kufundisha "ufahamu wa mzunguko" kana kwamba wanaanzia sifuri. Hawaanzii sifuri. Wangemuuliza mwalimu wa kike wa duksi wangeokoa pesa nyingi.

Sasa kukabiliana kwenyewe. Vitabu vitakupa mgawanyo wa Richard Lazarus na Susan Folkman wa mwaka 1984: kuna kukabiliana kunakoshughulikia tatizo na kuna kukabiliana kunakoshughulikia hisia. Mgawanyo huo unasaidia kupanga majedwali, lakini chumba cha hosteli hakigawanyiki hivyo. Mwanafunzi anapovaa vipokea sauti na kusikiliza Kurani huku amejifunika shuka, anashughulikia tatizo au hisia? Anajitafutia utulivu, anawakwepa watu, na anawaarifu wenzake kwamba leo asiongeleshwe, yote kwa mara moja.

Joto lihesabiwe pia. Baada ya yai kutoka, projesteroni hupandisha joto la mwili kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5. Mahali penye baridi hilo ni jambo la kitabuni. Garissa, ambako mchana wa Februari na Machi hupita nyuzi 35 na ukuta wa bweni hutoa joto hadi usiku wa manane, mwili unaokwenda kulala tayari umepashwa. Usingizi mbovu huleta hasira hata kwa mtu asiye na dalili zozote. Mwanafunzi anayebeba godoro lake hadi barazani amebuni tiba, na simwoni kwenye hojaji yoyote.

Hasira nayo ina mjadala wake. Jane Ussher, mwanasaikolojia wa Australia, ameandika kwamba wanawake wengi hujinyamazisha wiki tatu na kuachia katika wiki ya nne, kisha hulaumu homoni. Sikubaliani naye katika kila kitu, ila hapa amegusa. Binti anayesifiwa kwa upole humeza mengi: mwenzake anayetumia sukari yake, binamu anayemwamuru kwa simu, kaka anayeuliza kwa nini hakupokea. Wiki ya nne inapofika hamezi tena. Kumwambia "ni hedhi inakuja, itapita" kunaweza kumsaidia, na kunaweza pia kumfungia mdomo juu ya sukari ambayo kweli imeibwa.

Vya kula na kunywa nitavipitia haraka, isipokuwa kimoja. Tangawizi imejaribiwa kidogo nchini Iran na kuonyesha dalili njema. Uwatu, mdalasini na habasoda vina wapenzi wengi kuliko ushahidi. Chai nyeusi nyingi huongeza kukosa usingizi, na miraa zaidi. Kimoja cha kukaa nacho ni madini ya kalisi. Mwaka 1998 Susan Thys-Jacobs na wenzake waliwapa wanawake 466 ama miligramu 1,200 za kalisi kwa siku ama vidonge tupu. Kufikia mzunguko wa tatu, dalili zilipungua kwa asilimia 48 kwa waliopata kalisi na kwa asilimia 30 kwa wasiopata. Tazama namba zote mbili, maana ile asilimia 30 nayo ni somo. Lita ya maziwa ya ngamia ina takriban gramu moja ya kalisi, na akina mama wanaoyauza sokoni Garissa hawako mbali na lango la chuo. Sisemi maziwa ni dawa. Jaribio lilikuwa la vidonge. Nasema kwamba msichana aliyekuwa akinywa maziwa ya ngamia kila siku kwao, akaja chuoni kuishi kwa chai ya rangi na chapati, amebadilishiwa zaidi ya mandhari.

Ramadhani ina mkakati wake ambao hospitalini huusikii. Wapo wanaomeza norethisteroni, dawa ya kuahirisha hedhi, ili wafunge mwezi mzima bila deni au wakamilishe ibada za hija. Dawa hiyo yenyewe ni ya jamii ya projesteroni, na kwa baadhi yao huleta kuvimba tumbo na kununa kama kwa wiki inayotangulia hedhi. Kwa upande mwingine, baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi vimethibitishwa kusaidia hali kali, lakini msichana asiyeolewa akikutwa navyo kwenye mkoba atajibu maswali ambayo si ya kitabibu. Mshauri wa wanafunzi asiyelijua hilo atatoa ushauri mzuri usiotumika.

Kuna mambo mawili yanayoweza kukupotosha kabisa, na yote ni mazito. La kwanza ni ukeketaji. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu wanawake 98 kati ya 100 katika Kaskazini Mashariki walikuwa wamekeketwa, na hapa wengi walifanyiwa ule wa kushonwa. Damu isiyopata njia hutoka polepole na kwa uchungu, na hofu ya uchungu huo huanza siku kadhaa mapema. Hofu hiyo itajaza hojaji yako kama "wasiwasi wa kabla ya hedhi", na homoni hazihusiki. Sheria ya 2011 imeharamisha kitendo hicho, kwa hiyo swali linaweza kusikika kama la polisi. Haliulizwi na mgeni wala na mwanamume, na haliulizwi penye watu.

La pili ni huzuni inayokuwepo mwezi mzima na kufura tu katika wiki ya mwisho. Chuo cha Garissa, kilichoanza mwaka 2011 kama tawi la Chuo Kikuu cha Moi na kupata hati yake mwaka 2017, kilipoteza watu 148 katika shambulio la tarehe 2 Aprili 2015, wengi wao wanafunzi. Wanaosoma hapo leo walikuwa watoto wakati huo, lakini wazazi wao hawajasahau, na simu za usiku kutoka nyumbani zinathibitisha hilo. Anayerekodi siku za mwisho tu za mzunguko ataiita hofu hii kwa jina lisilo lake. Anayerekodi kila siku ataona haina siku za nafuu.

Mnasaba wa sera ni mfupi. Kenya iliondoa kodi ya sodo mwaka 2004, na sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa mwaka 2017 ili wasichana wa shule za umma wapewe sodo bure. Elimu ya msingi huishia sekondari. Msichana anapopokea barua ya chuo, haki hiyo inamwacha mlangoni, na kuwaza pesa za sodo ni sehemu ya wiki ninayoizungumzia.

Kwa anayetaka kuanza, nina utafiti mmoja ningependa kuusimamia. Watafutwe wanafunzi wachache waliotoka kaunti ya Mandera. Kila mmoja ajaze mstari mmoja baada ya swala ya isha, kwa Kisomali au Kiswahili kama apendavyo, asiandike jina, na daftari libaki kwake. Mtafiti apewe namba tu. Usianze Ramadhani. Mizunguko miwili iandikwe Garissa, mhula ukiendelea, na miwili mingine iandikwe Rhamu wakati wa likizo ndefu, nyanya akiwepo, maziwa yakiwepo, mihadhara ikiwa haipo. Mwili ni ule ule na homoni ni zile zile. Mstari wa ziada uwe mmoja tu: leo, nani alikupunguzia kazi?